Mtoto Anayeogopa Kusoma: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wazazi na Walimu

Majibu haya yanawahusu zaidi watoto wa darasa la kwanza hadi la nne katika shule za msingi za Tanzania. Mzazi wa Kenya naye atayakuta mengi ya kwake, tofauti ikiwa majina ya madarasa na sheria.

Nitajuaje kuwa mwanangu anaogopa kusoma, si mvivu tu?

Mvivu hukwepa kila kazi: kusoma, kuosha vyombo, kuchota maji. Mwenye hofu hukwepa kitu kimoja. Mtume dukani, atakwenda mbio na chenji ataihesabu sawasawa. Mwambie alete kitabu, ghafla kitabu hakionekani. Jumamosi alikuwa mzima, Jumapili jioni tumbo linamuuma. Darasani anaomba ruhusa ya kwenda chooni kila zamu yake inapokaribia. Akisimama kusoma, sauti inashuka mpaka mwalimu hamsikii, viganja vinatoka jasho, mdomo unakauka, na maneno aliyoyasoma jana bila taabu leo yanamkataa.

Wengine hugeuka wachekeshaji. Anakosea neno kwa makusudi ili wenzake wacheke pale anapotaka yeye, kabla hawajamcheka pale asipotaka. Huyu ripoti yake huandikwa "mtundu", na hakuna anayeshuku kwamba anaogopa.

Kwani hofu inawezaje kumsahaulisha mtoto herufi anazozijua?

Mtoto hazisahau herufi. Anachokosa ni nafasi kichwani ya kuziunganisha. Maneno yetu ni marefu: "hawajamwandikia" ni neno moja lenye silabi 7, na ndani yake mna sentensi nzima. Anayejifunza kusoma lazima ashike "hawaja" kichwani huku akiunga "mwandikia". Kumbukumbu hiyo ya muda mfupi ni finyu kwa kila mtu, na kwa mtoto wa miaka 7 ni finyu zaidi. Ikijazwa na "watanicheka" na "mwalimu ameshanitazama vibaya", anafika mwisho wa neno ameshapoteza mwanzo wake. Ndiyo maana mtoto huyo huyo husoma "kaka" na "sisi" hata akitetemeka, kisha akakwama kwenye kitenzi kirefu.

Nyumbani anasoma vizuri, lakini mwalimu wake anasema hajui kusoma. Nani mkweli?

Huenda wote wawili. Nyumbani hakuna macho themanini yanayomtazama. Ila kabla hujaenda kubishana na mwalimu, hakikisha kwamba kweli anasoma. Watoto wengi hukariri ukurasa mzima kwa kuusikia darasani, halafu huutiririsha mbele ya mama bila kukosea, kidole kikiwa mstari mwingine kabisa. Funika picha, onyesha neno moja katikati ya ukurasa, umuulize ni lipi. Au chukua maneno yale yale uyaandike kwenye karatasi kwa mpangilio mwingine. Akiyasoma, tatizo liko kwenye hadhira. Asipoyasoma, mwalimu ana hoja.

Je, hofu ndiyo inayomfanya asijue kusoma, au kutojua ndiko kunakomtia hofu?

Hili ndilo swali kubwa kuliko yote hapa, na wanaolipuuza hupoteza muda mwingi. Mara nyingi pengo la ujuzi hutangulia, hofu hufuata, kisha viwili hivyo hulishana: anaogopa kwa sababu hawezi, kwa kuogopa hasomi, na kwa kutosoma anazidi kutoweza. Mzazi anayetibu hofu peke yake kwa maneno matamu, "usiogope mwanangu, wewe unaweza", hafiki mbali. Mtoto anajua kwamba hawezi, na sasa anajua pia kwamba mama hajui.

Kwa hiyo tafuta pengo kwanza. Katika Kiswahili kazi hii ni nyepesi kuliko katika lugha nyingi, kwa kuwa irabu ni 5 tu na neno husomeka jinsi linavyoandikwa. Kaa naye faragha, bila ndugu zake, ukiwa na karatasi na kalamu.

Anza na silabi nyepesi, lakini uzichanganye: mo, ke, ta, lu, bi. Usimwandikie ba be bi bo bu kwa mfuatano, kwani huo ameuimba tangu darasa la awali na anaweza kuuimba amefumba macho. Akipita hapo, mpe zenye konsonanti mbili: nda, mba, cha, sho, nyu, kwe. Halafu zenye tatu: ngwe, mbwa, nywe. Usishangae kumkuta mtoto wa darasa la tatu amekwama hapa, na miaka yote hii amekuwa akibahatisha kwa kutazama herufi ya kwanza na picha.

Kuna mitego miwili zaidi. Mmoja ni m inayosimama peke yake, kama katika "mti", "mto" na "mkate". Mtoto aliyezoeshwa ma me mi mo mu hatarajii m isiyo na irabu, kwa hiyo anaitafutia moja na kusoma "miti" au "muti". Mwingine ni "ng'ombe" na "ngoma": kile kialama cha juu hakuna aliyemweleza kazi yake.

Pale anapokwama ndipo pa kuanzia kumfundisha, hata kama ni silabi za darasa la kwanza na yeye yuko la nne. Mfundishe faraghani, asione haya. Tathmini za Uwezo, ambazo huwapima watoto mmoja mmoja majumbani, zimeonyesha kwa miaka mingi kwamba watoto wengi hupanda darasa la tatu bila kuweza kusoma hadithi ya kiwango cha darasa la pili. Mwanao ana wenzake wengi, japo yeye anadhani yuko peke yake.

Hofu hii huanza darasa la ngapi?

Yaweza kuanza hata la kwanza, lakini la tatu ndipo hujitokeza wazi. Madarasa mawili ya mwanzo hushughulika na KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu), vitabu vina picha kubwa na mistari michache. La tatu masomo yanaongezeka, na kila somo lina kitabu chenye aya ndefu. Asiyesoma hujikuta amefeli masomo yote kwa mpigo, hata lile la sayansi ambalo akielezwa kwa mdomo analielewa.

Mimi ni mwalimu, nina watoto zaidi ya 100 darasani. Ushauri huu wote nitautekeleza vipi?

Uwiano rasmi ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45, na walimu wengi wanaousikia hucheka. Basi tuanze na lisilohitaji hela wala muda: namna unavyowaita kusoma.

Kusoma kwa zamu, dawati hadi dawati, kunafundisha kidogo na kutisha sana. Mtoto wa dawati la tano hasikilizi hadithi. Anahesabu vichwa, anakisia aya itakayomwangukia, anaikariri kimya kimya, na mwenzake mmoja akirukwa hesabu yote inaharibika. Kumnyooshea kidole mtoto ghafla ni kubaya zaidi, maana hapo darasa zima linakaa roho juu kipindi kizima.

Jaribu mpangilio huu. Soma wewe kwanza, kwa sauti na kwa madoido. Kisha wote pamoja. Kisha safu moja moja. Kisha wawili wawili, kitabu kimoja katikati, huyu sentensi moja na yule inayofuata. Katika hatua hii ya jozi watoto 50 wanasoma kwa sauti kwa wakati mmoja, idadi usiyoweza kuifikia kwa zamu hata kwa wiki nzima, na hakuna anayesikilizwa na zaidi ya mtu mmoja. Kelele zitakuwepo. Mwalimu mkuu akipita dirishani atadhani darasa halina mwalimu, mweleze mapema. Mwisho kabisa ndipo umwite anayetaka kusoma peke yake.

Kwa wale watatu au wanne unaowajua wanaogopa, waambie Jumatatu: "Alhamisi utatusomea mistari hii miwili." Mtoto aliyepewa siku tatu za kujiandaa akasoma mistari miwili bila kukwama amepata kitu ambacho hotuba ya kumtia moyo haimpi. Wiki inayofuata iwe minne.

Jambo jingine ni lile la darasa zima kumlipukia neno anayekwama. Watoto hudhani wanasaidia. Anayesoma husikia kwamba kila mtu analijua isipokuwa yeye. Weka sheria kwamba mtu akisoma midomo mingine imefungwa, na wewe mwenyewe hesabu moja hadi tano kimoyomoyo kabla ya kumsaidia. Sekunde tano za ukimya darasani ni ndefu kuliko unavyofikiri, na mara nyingi neno hutoka lenyewe katika ya tatu au ya nne. Kicheko nacho kikomeshe siku ya kwanza kinapotokea, kwa sababu ukikiacha siku hiyo kitakuwa desturi.

Mwalimu wa mwanangu huwachapa wanaoshindwa kusoma. Nifanye nini?

Kwa Tanzania Bara, kanuni za adhabu ya viboko zinaiweka adhabu hiyo mikononi mwa mwalimu mkuu, au mwalimu aliyeidhinishwa naye kwa maandishi, kwa makosa makubwa ya nidhamu, na lazima iandikwe kitabuni. Kushindwa kusoma neno si kosa la nidhamu. Kenya, Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 imepiga marufuku adhabu ya mwili na unyanyasaji wa kiakili shuleni.

Hata hivyo usiende na kanuni mkononi na hasira mdomoni. Nenda baada ya vipindi, msalimie, na uwe na ombi moja linalotekelezeka: "Mwalimu, naomba ukitaka kumsomesha umwambie siku moja kabla, mimi nitamwandaa nyumbani." Walimu wengi hulikubali ombi la namna hiyo, kwa sababu linawapunguzia mzigo. Akikataa, nenda kwa mwalimu mkuu, kisha kamati ya shule, kisha afisa elimu kata. Na jiangalie na wewe: kofi la nyumbani linafanya kazi ile ile ya fimbo ya shule.

Nimsahihishe kila anapokosea?

La. Akisoma "alienda" pahali pa "alikwenda", mwache aendelee, maana kosa hilo linaonyesha anafuata maana. Akisoma neno linaloharibu maana, subiri afike mwisho wa sentensi, kisha mwambie, "Hebu turudi hapa kidogo." Wengi watajirekebisha wenyewe.

Njia inayowafaa sana wenye hofu ni kusoma naye kwa pamoja, sauti mbili kwa mwendo wake, na mkubaliane kwamba akigonga meza wewe unanyamaza anaendelea peke yake. Akikwama, taja neno uungane naye tena mpaka agonge upya. Yeye ndiye anayeamua lini awe peke yake, na hapo ndipo nguvu ya njia hii ilipo. Kisha arudie aya ile ile mara tatu au nne kwa siku tofauti. Wazazi huogopa kurudia wakidhani atakariri. Acha akariri kidogo. Safari hii atakuwa anajua neno gani liko wapi. Dakika 10 au 15 zinatosha, na ziwe mapema jioni kabla usingizi haujamzidi.

Mwanangu husoma "kura" kama "kula", na wenzake wanamcheka.

Hilo halihusiani na kusoma. Ni lafudhi. Mtoto wa Usukumani, au yeyote aliyekulia kwenye lugha isiyotenganisha l na r, anaweza kuliona neno sawasawa, kulielewa sawasawa, na ulimi ukalitoa kwa namna ya nyumbani. Muulize maana yake. Akisema ni ile ya kupiga siku ya uchaguzi, amesoma. Matamshi afundishwe wakati wake, kwa nyimbo na vitanza ndimi, wala asikatizwe katikati ya hadithi. Mtoto anayekatizwa kwa lafudhi yake hujifunza haraka kwamba kufungua mdomo ni hatari.

Mimi mwenyewe sikusoma sana. Nitamsaidiaje?

Wewe ni msikilizaji mzuri kuliko unavyojidhania, kwa sababu huwezi kumsahihisha kila neno. Mwombe akusomee ujumbe wa simu, maandishi ya pakiti ya unga, jina la daladala, tangazo la msikitini au kanisani. Hapo anasoma kwa sababu mtu anahitaji kujua kilichoandikwa. Hapimwi. Kanga nazo ni kitabu cha bure kilichotundikwa kila nyumba: maneno machache, na maana ya kufikiri. Ila kanga huandikwa kwa herufi kubwa tupu, hivyo aliyezoea herufi ndogo za kitabuni anaweza kukwama mwanzoni. Asiambiwe hajui.

Msikilizaji asiyehukumu ana thamani kubwa kiasi kwamba mwaka 1999, huko Salt Lake City, Marekani, ulianzishwa mpango wa watoto kuwasomea mbwa waliofunzwa kutulia. Mbwa hasahihishi wala hacheki. Sikushauri umwite mbwa wa jirani. Mdogo wake wa miaka mitatu anatosha, au bibi anayetaka tu kujua sungura alimfanyia nini fisi.

Madrasa anasoma bila wasiwasi. Kwa nini shuleni anakwama?

Madrasa wanasoma kwa pamoja, na anachokisoma amekwisha kukisikia mara nyingi, kwa hiyo anajua kinachofuata. Katika vyuo vingi vya Kurani mwanafunzi pia husogea akasomea karibu na ustadhi wake, wawili peke yao, wengine wakiendelea na yao. Mambo hayo matatu, kusikia kwanza, kusoma na wenzake, kusikilizwa na mtu mmoja, ndiyo anayoyakosa shuleni. Mweleze mwalimu wake. (Vipo vyuo vyenye fimbo pia, huko hofu ni ile ile.)

Tumemhamishia shule ya Kiingereza, sasa hataki kitabu kabisa.

Alikuwa amejua kwamba herufi husema kitu kimoja daima. Sasa anakutana na "come", anasoma "ko-me" kama alivyofundishwa, na anachekwa. Kwa kanuni alizonazo hajakosea. Mwambie waziwazi kwamba Kiingereza hakifuati maandishi yake, na kwamba watoto wa Kiingereza nao huhangaika nacho. Nyumbani endelea kusoma naye Kiswahili, abaki na mahali pamoja anapojiona msomaji. Kama bado hujamhamisha, subiri mpaka Kiswahili kikae. Haraka hii ya wazazi sijapata kuiona faida yake.

Je, huenda ni macho, kigugumizi, au disleksia?

Anza na macho na masikio, ambayo ni rahisi kupimwa. Anasogeza kitabu puani? Ananakili vibaya kutoka ubaoni lakini si kutoka daftarini? Mpeleke hospitali ya wilaya, au kwenye kliniki za macho kama za CCBRT Dar es Salaam na KCMC Moshi. Mtoto mdogo hawezi kukwambia haoni vizuri, maana hajawahi kuona vingine.

Mwenye kigugumizi hukwama hata akiongea, na mara nyingi akisoma sambamba na mtu mwingine kigugumizi hupotea. Mpe mwenza wa kusoma naye. Usimwambie "pumua kwanza" mbele ya watu.

Disleksia, yaani ugumu wa kudumu wa kusoma usiotokana na macho wala upungufu wa akili, ni kitu kingine. Kugeuza b na d peke yake si dalili; watoto wengi hufanya hivyo mpaka karibu na miaka 7. Katika lugha zinazosomeka kama zilivyoandikwa, mfano Kiitaliano na Kifini, watafiti wameona kwamba disleksia hujionyesha zaidi kwa kusoma polepole mno kuliko kwa makosa, na Kiswahili ni cha kundi hilo. Mtoto aliyefundishwa vizuri, mmoja kwa mmoja, kwa miezi, ambaye bado anakokota kila silabi, na pengine baba au shangazi yake alikuwa hivyo hivyo, anastahili kuonwa na mwalimu wa elimu maalumu. Hofu anaweza kuwa nayo vilevile, juu ya disleksia.

Twisheni inasaidia? Na zawadi je?

Twisheni yenye watoto 40 ni darasa jingine tu, mara hii jioni na kwa malipo. Ya watoto watatu au wanne, sawa. Zawadi ndogo kwa juhudi haidhuru, ila kumwahidi baiskeli akishika nafasi ya kwanza ni kumwongezea hofu ya pili.

Nitajuaje kwamba anapata nafuu?

Usiangalie kasi kwanza, hiyo huja nyuma. Angalia kama analeta kitabu bila kuitwa, kama Jumapili tumbo limetulia, kama akikosea anarudi mwenyewe kwenye neno badala ya kukutazama usoni.

Nimefanya haya kwa wiki kadhaa, silabi anazijua, na bado kila asubuhi analia.

Basi huenda kitabu siyo anachokiogopa. Angalia mengine: ameanza kukojoa kitandani, halali vizuri, ameacha kula, ameacha kuongea na watu wa nje? Kuna watoto wanaonyang'anywa hela ya andazi kila siku, wanaotishwa njiani, au wanaofanyiwa mabaya na mtu mzima, na kwa kuwa shule na kusoma ni kitu kimoja kichwani mwao, hukataa kitabu. Usimkalishe kumhoji uso kwa uso. Muulize mkiwa na kazi mikononi, mnachambua mchele au mnafua, na uulize kuhusu njiani, chooni na wakati wa mapumziko, siyo kuhusu masomo. Akisema jambo la kukutisha, usimkatize wala usimwahidi siri. Afisa ustawi wa jamii wa halmashauri anapaswa kusikia, na simu ya huduma kwa mtoto, namba 116, hupigwa bila malipo Tanzania na Kenya.